Utani Uliochujwa

Siku wavu wa kumi na nne ulipochanika, Swafia Kombo alikuwa ofisini mjini Same anakunywa chai kwa raha zake, hana habari kwamba aliyeuchana ni yeye.

Habari ilimfikia kwa simu ya mkurugenzi, Bi. Koku Rwiza. Juu kabisa kwenye ukingo wa Kirongaya, ambako kampuni ya Mavuno ya Ukungu ilikuwa imesimamisha nyavu arobaini za kukamata maji ya hewani, upepo wa mchana ulikuja ghafla ukaukuta wavu huo umekazwa kama ngozi ya ngoma. Ukapasuka juu hadi chini, ukaburuta na nyavu mbili za jirani. Hakuna aliyeumia. Lakini matangi ya vijiji viwili vya bondeni yalibaki nusu, na katika nchi ambayo theluji ya Kilimanjaro imeshakuwa picha ya kalenda, na mito ya Upare imebaki majina, nusu tangi si jambo la kuchekea.

Swafia aliuliza nani aliyeamuru kukaza. Bi. Koku akasema ni Kibuyu. Swafia akauliza, kwa sauti ya nani?

"Ya Mzee Tarimo," mkurugenzi alijibu. "Na wewe ndiye uliyemchuja. Kaa naye mpaka ujue ana nini."

Hapo chai ikamshinda.

Kibuyu ndiyo kumbukumbu ya kampuni. Kwa miaka sita kabla wazee hawajastaafu, kila aliyepanda ukingoni alivaa kifungo cha shati chenye kunasa kila neno lake, kila alivyoegemea kamba, kila alivyonyamaza akitazama juu. Yote hayo yalichotwa yakamiminwa Kibuyuni, na Kibuyu kikajifunza kujibu swali moja tu: kwa ukungu wa namna hii, mzee fulani angesema nini? Leo fundi mgeni kutoka Newala akipanda ukingoni, anatia kisemeo sikioni, na Mzee Aikaeli Tarimo, ambaye wakati huo huo yuko kwao Rombo anapalilia migomba, anamwambia vuta, legeza, ngoja, futa matope. Kampuni nyingine zililia kila mzee alipoaga, kwamba ujuzi umekwenda na mwenyewe. Mavuno ya Ukungu walijisifu kwamba kwao mtu huondoka na kofia yake tu.

Ila kati ya kuchota na kumimina kuna kuchuja, na mchujaji alikuwa Swafia. Aliondoa vikohozi, simu za nyumbani, maradhi na siri za watu. Machujo hayatupwi papo hapo. Hukaa kando mwaka mmoja, kisha sheria inataka yafutwe, yasijue mtu yalikuwa nini.

Na alichuja pia utani.

Hapa inabidi tumwonee huruma kidogo, maana adabu ndiyo iliyomponza. Mzee Tarimo ni Mchaga. Mwenzake wa kazi kwa miaka thelathini, Bibi Naetwe Mrutu, alikuwa Mpare. Kila mtu anajua Mchaga na Mpare ni watani, na watani wana ruhusa ambayo hata mke na mume hawana. Wale wawili waliitumia ruhusa hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Swafia alilelewa Tanga, na bibi aliyeweza kukunyima chakula kwa sababu umemwitikia mkubwa kwa "nini?" badala ya "bee". Aliwapenda wazee wale. Bibi Naetwe alikuwa akimletea makande kila Alhamisi, amtazame mpaka amalize, huku akimwita mtoto wa pwani asiyejua kula. Basi bibi yule alipofariki, nusu ya kazi ya kuchuja ikiwa bado, Swafia alijisikia hawezi kuacha wajukuu wa marehemu na vijana wa kazi wamsikie akimwita mzee mwenzake pipa la mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga. Akamsafisha, akamsafisha na mwenzake, kama mtu anayemtandikia marehemu shuka safi. Saa mia mbili na kumi za matusi zilikwenda kando, na Swafia akalala usingizi mzuri.

*

Siku tatu alijifungia ofisini, masikio yamefunikwa, akisikiliza machujo.

Siku ya kwanza alicheka tu. Ya pili alilia, kwa kuwa sauti ya Bibi Naetwe ilikuwa hai mno, na kwa kuwa alikuwa ameisahau. Ya tatu ndipo alipokamata kalamu. Alikuwa amefika kwenye asubuhi moja ya miaka minne nyuma, ukungu mzito, nyavu zinadondoka vizuri, na Mzee Tarimo anaamuru kwa furaha:

"Vuta. Kaza hapo, kaza."

"Legeza, we Mchaga," akasema Bibi Naetwe. "Pua yako umeisahau kwenye pipa la mbege? Husikii harufu ya vumbi la uwanda wa Mkomazi humu ndani ya ukungu? Vumbi likipanda, upepo uko nyuma yake."

Kukawa kimya. Halafu kicheko cha mzee, kirefu, cha mtu aliyeshikwa.

"Haya, Mpare amekata rufaa. Legezeni, kabla hajaniburuza mahakamani."

Swafia alirudi kwenye nakala aliyoisafisha mwenyewe. Ilikuwa na maneno haya tu: *Vuta. Kaza hapo, kaza.* Kimya. *Legezeni.* Na Kibuyu, kwa akili yake yote, kilipokuta "kaza" na "legezeni" vikifuatana bila sababu katikati, kiliamua kwamba la pili ni ulimi kuteleza, kikalitupa.

Alihesabu. Mara thelathini na saba katika miaka sita Mzee Tarimo alisema vuta na Bibi Naetwe akamtukana. Mara thelathini na tatu mzee alilegeza. Ile alama ya vumbi, ambayo haikuandikwa katika mwongozo wowote, ilikuwa imetajwa kila mara, lakini kila mara ndani ya tusi, sentensi moja, haitenganishiki. Swafia alipotoa tusi alitoa na vumbi. Mzee Tarimo aliyebaki Kibuyuni alikuwa mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukosea.

Alifanya ambalo ungefanya wewe pia. Aliandika kanuni: ukungu ukinuka vumbi, legeza. Akaimimina Kibuyuni, akawatumia mafundi wote, akashusha pumzi. Siku nne baadaye wavu wa ishirini na mbili uling'oka mguu. Alimpigia kiongozi wa zamu, Fundi Chitanda, yule Mmakonde wa Newala, akamuuliza kama hakunusa vumbi.

"Nilinusa, dada," Chitanda alisema kwa sauti ya chini. "Sote tulinusa. Lakini mzee alishasema vuta. Mimi nani?"

Kumbe haikuwa kukosa kujua. Walijua wote, wamesimama pale na pua zao nzima, na wavu ukang'oka mbele yao kwa heshima. Hata vijana wawili wa Kipare waliokuwamo kwenye zamu, ambao kwa haki yao wangeweza kumwambia Mchaga lolote, waliajiriwa baada ya kampuni kupitisha kanuni za lugha safi kazini. Kanuni hizo aliziandika Swafia.

Bi. Koku alipoelezwa hakupoteza muda. Alikuwa mtu wa kuamua, na mara nyingi aliamua vizuri. Alisema dawa iko wazi: yarudisheni machujo, mwamsheni Bibi Naetwe mzima, ulimi wake na yote, awe anamkatiza Tarimo humo humo Kibuyuni. Msimu wa pepo kubwa ulikuwa umebakiza wiki moja. Mwaka wa machujo ulikuwa umebakiza siku tisa kufutwa. Kitu kimoja tu kilihitajika. Maneno ya watu wawili ni mali ya wote wawili, na mmoja akifa, idhini iko kwa aliyebaki.

*

Mzee Tarimo alimpokea migombani, mundu mkononi, akamkaribisha kwa kumwambia amekonda kama mtu wa pwani anayekula harufu ya samaki. Swafia akasema shikamoo, akainama. Hakujua atie wapi mikono.

Alieleza kila kitu, na hakujitetea. Alipofika kwenye sababu ya kuchuja, kwamba aliona aibu wajukuu wasije wakasikia, mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye jiwe, akajifuta macho, akacheka tena. Halafu kicheko kikaisha, na macho yakaendelea kutoka maji.

"Nilisikia nyavu zinapasuka kwa sauti yangu," alisema. "Mwanangu wa mwisho aliniambia. Nikasema basi, nimezeekea mpaka humo mashineni. Kumbe mliniweka mle peke yangu."

Alisema samahani, na samahani ilikuwa ndogo.

Aliitoa fomu ya idhini, akaeleza wanachotaka. Mzee hakuisoma. Aliuliza kama Kibuyu kinaweza kutukanwa. Swafia akasema kinaweza kusikia tusi, ndiyo. Mzee akauliza kama kitajibu kama Naetwe. Swafia akafikiri, akasema kitajibu kwa maneno ambayo Naetwe aliwahi kuyasema.

"Siku ya mazishi yake nililala mlangoni, nikasema jeneza halipiti mpaka Wapare wakiri kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa makande," mzee alisema. "Watoto wake walicheka huku wanalia. Ndiyo haki yake kwangu, ndiyo haki yangu kwake. Yule alinitukana miaka thelathini kwa sababu nilikuwepo kumjibu. Mkimfungia humo, akawatukane vijana wasio watani wake, nao hawawezi kumrudishia, mtakuwa mmemfanya bibi mwenye mdomo mchafu. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtani wangu."

Swafia alimkumbusha matangi. Alisema kuna watoto kule bondeni wanaosubiri maji, na marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa bondeni kule. Alisema hayo kwa moyo mzito, kwa sababu yalikuwa kweli na kwa sababu alikuwa ameagizwa ayaseme. Mzee alikubali kuwa ni kweli. Akasema hana jibu la hilo ila miguu yake: atapanda mwenyewe ukingoni wiki ya pepo, awafundishe vijana kile ambacho Kibuyu hakikushika. Ila Swafia amwahidi kwamba, kwa kuwa yeye Tarimo amekataa, hakuna atakayemwamsha Naetwe.

Swafia aliahidi. Alipofika nyumbani alikuta ujumbe wa Bi. Koku. Sauti ya Bibi Naetwe ilikuwa imeshaandaliwa, na sheria ina kifungu cha dharura: maji ya watu yakiwa hatarini, kidole gumba cha mchujaji kinatosha.

*

Siku ya nane walikuwa wote ukingoni. Mzee Tarimo alipandishwa kwa kiti cha kamba, akalalamika njia nzima kwamba Wapare wanapandisha wageni kama magunia. Vijana walimheshimu mno. Walimletea kigoda, walimletea uji, na kila alilosema waliitikia ndiyo mzee. Alijaribu kuwachokoza. Alimwambia Chitanda kwamba Wamakonde huchonga vinyago kwa kuwa hawana sura za kutosha nyumbani. Chitanda akasema ndiyo mzee.

Wakampa kisemeo ili ajisikie mwenyewe. Alikitia sikioni kwa mashaka, akasikiliza, na Swafia akaona uso wake unabadilika. Sauti ile ilikuwa yake ya umri wa miaka sabini, imara, haikohoi, haisiti. Ilikuwa na majibu ya kila kitu. Kufika saa tano mzee alikuwa anatikisa kichwa kwa kuikubali, mara mbili akasema, "Anasema vizuri huyu." Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini hakuna anayezipenda nywele za mtu kama anavyozipenda za kwake.

Saa saba ukungu ukaja. Ulipanda kutoka bondeni mweupe, mnene, ukazimeza nyavu moja moja, na mifereji ikaanza kulia maji. Vijana walishangilia. Kibuyu kikasema vuta. Mzee Tarimo, sekunde hiyo hiyo, kwa mdomo wake mwenyewe, akasema vuta. Sauti mbili za mtu mmoja zikakubaliana.

Swafia alinusa vumbi.

Aliwatazama wengine. Chitanda alikuwa amekunja pua, mkono uko kwenye kishikizo cha kamba kuu, na alikuwa anakaza. Vijana wawili wa Kipare walitazama chini. Wote walikuwa wamenusa, na wote walikuwa wanakaza.

Kibao cha kazi kiliwaka mkononi mwake. Bi. Koku, kutoka Same, alikuwa anaona vipimo vya upepo wa uwandani. Maandishi yalikuwa mafupi: *Mwamshe sasa. Nyavu zote arobaini.* Chini yake duara la kidole gumba. Kwa kugusa tu, Bibi Naetwe angemwingia Mzee Tarimo sikioni, angemwita we Mchaga, na mzee angelegeza. Swafia alikuwa na hakika angelegeza. Angelegeza akilia, kwa kutukanwa na maiti mbele ya watoto, na kuanzia siku hiyo kila kijana angejua kwamba kazi ya kukataa ni ya mashine.

Kidole chake kilikuwa juu ya duara. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kazini. Aliogopa kuvunja ahadi, aliogopa matangi makavu, na juu ya yote, aibu iliyoje, aliogopa kumkosea adabu mzee wa watu. Alimfikiria bibi yake wa Tanga. Akaona hata bibi yake angependa maji yafike.

Akakiweka kibao chini kwenye majani, akaenda kusimama mbele ya kigoda.

"Mzee Tarimo, legeza," alisema. "Unajisikiliza mwenyewe kama bwana harusi mbele ya kioo. Hiyo sauti ni yako, ndiyo maana unaiona ina akili. Pua yako haifanyi kazi, na haijawahi kufanya. Miaka thelathini ulinusa kwa pua ya Mpare."

Neno samahani lilimjia mpaka kwenye meno, akalimeza.

Chitanda aliacha kishikizo. Mzee alimtazama Swafia kwa muda uliotosha kabisa kuchana wavu, uso hauna kitu, kisha polepole akakitoa kisemeo sikioni, akakishika kiganjani kama mtu aliyetoa jino.

"Naetwe angesema vizuri zaidi," alisema. Midomo ilikuwa inamcheza. "Mmemsikia. Legezeni zote, na haraka."

Upepo ulifika wakati kamba ya mwisho inaachiwa. Nyavu zilifura, zikapiga makofi, zikavutwa mpaka nguzo zikalia, na zikabaki. Vumbi jekundu la Mkomazi liliwapaka wote nyuso. Upepo ulipopita, Mzee Tarimo alikuwa bado kwenye kigoda, amefunika macho na kofia, analia waziwazi kama mtoto. Swafia alipiga magoti akamshika mikono, naye akamwambia kwa kwikwi kwamba magoti ya pwani ni laini, atayachubua.

Jioni ile Swafia alimwambia Bi. Koku mwenyewe, bila kuzungukazunguka, kwamba hatagusa lile duara, na kwamba Mzee Tarimo ameomba naye atolewe Kibuyuni, abaki na vipimo na ramani tu. Mkurugenzi alikasirika, kisha akauliza sasa kampuni itajua nini watu hawa wakiisha. Swafia alisema hajui. Alisema anadhani itabidi kampuni ijifunze kubishana, na jambo hilo halichoteki, linaambukizwa tu.

Mzee akakaa ukingoni wiki nzima. Siku ya kwanza na ya pili waliendelea na ndiyo mzee, naye akawatukana makabila yao kwa zamu mpaka koo likamkauka. Siku ya tatu, ukungu umekaa vizuri, mzee akasema vuta, na Chitanda akabaki amesimama, mkono kwenye kishikizo, kijasho kinamtoka.

"Hapana, mzee," alisema. "Tulegeze. Na wewe mwenyewe hujaoga tangu Jumatatu, utanusa nini?"

Walilegeza. Walingoja saa nzima, na upepo haukuja. Hakukuwa na vumbi lolote. Chitanda alikosea kabisa, na saa nzima ya maji ikapita hewani ikaenda zake. Alitaka ardhi ipasuke. Lakini Mzee Tarimo alikuwa amesimama kwenye kigoda kile, kofia juu, akimwita mjinga, mchonga miti, pua ya kinyago, akiwaita wengine waje wamsikie huyu aliyemkatalia, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Swafia hakuiona tangu siku waliyomzika Bibi Naetwe.